Gari Likikataa Kuwaka, Tikisa Waya za Betri Kwanza

Jumatatu alfajiri Probox yangu iligoma kuwaka Kayole, Nairobi. Jirani akasema, "Nunua betri." Nikashika kichwa cha waya, pale kinaposhika betri: kinacheza kama jino bovu, kimeota unga wa kijani.

Zima gari. Kwa spana namba 10 fungua waya wa hasi (−) kwanza, ndipo wa chanya (+). Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi ya gari utaona cheche. Unga huo una asidi, linda macho. Mwagia magadi soda yaliyokorogwa kwa maji ya moto, povu likitulia sugua kwa mswaki mkuukuu, suuza, kausha, piga msasa hadi pang'ae. Rudisha chanya, mwisho hasi. Kaza, paka grisi.

Kikiendelea kucheza, nunua kichwa kipya Kirinyaga Road. Vile vipande vya mkebe wanavyochomeka mafundi ili kichwa kikaze havidumu.