Unauza au unanunua bunduki ya mtu? Anzieni polisi

Huku kwetu Iringa watu wakiuziana kitu, wanaandikishana. Iwe ni shamba la miti Mufindi, ng'ombe au pikipiki, mnakwenda kwa mwenyekiti, karatasi inaandikwa, mashahidi wanasaini, muhuri unagongwa, mmemaliza. Mimi ni wakili, na ninaletewa karatasi za namna hiyo zilizoandikwa "nimemuuzia bunduki yangu". Kwa silaha, karatasi hiyo haihamishi umiliki. Inachofanya ni kuwa ushahidi wa kosa, tena wenye saini zenu wote wawili.

Silaha za raia ziko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Leseni anapewa mtu, kwa silaha yenye namba yake; bunduki ikiondoka, leseni haiifuati. Anayekutwa na silaha bila leseni anaweza kushtakiwa kwa uhujumu uchumi, na kifungu cha 60(2) cha Sheria ya Uhujumu Uchumi kinataja kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30. Kwa bunduki ya kufukuzia nguruwe pori shambani! Naomba mzifuate hatua hizi bila kuruka hata moja.

Hatua ya 1: Muuzaji, jikague kwanza

Toa kitabu chako cha leseni, uhakikishe hakijaisha muda. Soma namba iliyogongwa kwenye chuma cha silaha, uilinganishe na ya kitabuni tarakimu kwa tarakimu. Zikitofautiana, acha kutafuta mteja, nenda polisi ukaeleze.

Kama bunduki ni ya marehemu baba, bado huna cha kuuza. Itolewe taarifa polisi na ikahifadhiwe kituoni, familia ifungue mirathi, mahakama imteue msimamizi, na yeye ndiye ashughulikie. Najua ni vigumu kuona bunduki ya mzee inatoka nyumbani matanga hayajaisha. Lakini ikibaki darini, atakayekutwa nayo ndiye atakayejibu, na mara nyingi huwa ni mama mjane asiyejua hata inavyofunguliwa.

Gobore lisilosajiliwa haliuzwi kwa bei yoyote. Linasalimishwa. Serikali huwa inatoa vipindi vya msamaha, kama kile cha Septemba na Oktoba 2023. Kipindi kikitangazwa, kitumieni.

Hatua ya 2: Mnunuzi, pata kibali kabla ya bunduki

Maombi huanzia serikali ya kijiji au mtaa, yakapanda kata, kwa mkuu wa polisi wa wilaya, kamati za usalama, hadi kwa Msajili wa Silaha. Utachukuliwa alama za vidole, utaulizwa sababu ya kutaka silaha na utakapoihifadhi. Ni safari ndefu. Muuzaji anayekuambia "chukua tu, kibali utafuatilia taratibu" anakutafutia jela.

Hatua ya 3: Muuzaji, mchunguze mtu

Kibali ni sharti la sheria. Mimi nakutaka uende mbele zaidi, kwa kuwa wewe unaweza kumjua mtu huyo kuliko faili lake linavyomjua. Anakunywa kiasi gani? Ana ugomvi wa mpaka na jirani? Mkewe anakimbilia kwa wazazi kila mwezi? Uliza kwa balozi, uliza kanisani au msikitini kwake. Ukisita, usiuze, hata kama makaratasi yake yamekamilika. Hakuna sheria inayokulazimisha kumuuzia mtu.

Hatua ya 4: Mnunuzi, chunguza silaha na mwenyewe

Jina kwenye kitabu, jina kwenye kitambulisho cha NIDA na mtu aliyesimama mbele yako viwe kitu kimoja. Namba iliyokwaruzwa au kusagwa ni sababu ya kuondoka hapo hapo na kutoa taarifa. Namba ikisomeka, ipeleke polisi waiangalie kwenye kumbukumbu zao kabla hujatoa hela, hata ya kishika uchumba. Ubovu wa mtambo mwachie fundi mwenye leseni ya kazi hiyo.

Mkiwa miji tofauti, wewe Mbeya na yeye Mafinga, bunduki isipakiwe kwenye basi ili uje kuionja. Atume picha ya namba na ya kitabu, inatosha kuanzia.

Hatua ya 5: Bei na makabidhiano

Andikeni makubaliano kwamba malipo yatafanyika uhamisho ukishaidhinishwa, na kwamba usipoidhinishwa hakuna anayemdai mwenzake. Mpaka siku hiyo bunduki inabaki kwa muuzaji, kwenye kasha lenye kufuli.

Kukabidhiana kufanyike polisi, mbele ya ofisa anayehusika. Muuzaji, usiondoke bila maandishi yanayoonyesha kwamba silaha hiyo haiko tena kwa jina lako. Ikija kutumika kwenye uporaji Igawa au Makambako, namba yake itafuatiliwa hadi kwa mtu wa mwisho kwenye kumbukumbu, na ukiwa ni wewe, ndiye utakayeamshwa usiku.

Risasi zilizobaki nazo zitaje siku hiyo hiyo. Leseni yako ikishafutwa huna haki ya kukaa nazo, hata ikiwa ni moja iliyosahaulika kwenye mfuko wa koti. Zikabidhi pale pale, ziandikwe.