Maua ya Asili Bustanini: Anza na Mbegu, Si kwa Kung'oa

Ukizitazama bustani nyingi za Afrika Mashariki utaona kwamba maua mengi ni wageni. Bogenvilia imetoka Amerika Kusini, na hata alizeti mwitu ya njano inayoota kando ya barabara, ambayo wengi huidhani ya kwetu, asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Maua yaliyozaliwa hapa yamezoea mvua zetu na ukame wetu, kwa hiyo yakishashika mizizi hayadai maji mengi.

Usichimbe mmea porini. Katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, viazi vya okidi, mimea ya maua ya porini, vimechimbwa kwa miaka mingi na kupelekwa Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda, na uchimbaji huo uliikumba hata Kitulo, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake. Chukua mbegu tu, nje ya hifadhi, kwa idhini ya mwenye ardhi. Mahali pazuri pa kuanzia ni kiwanja kinachokaribia kujengwa, kwa kuwa mimea yake itafyekwa hata hivyo. Kwingineko, chuma kidogo kidogo kutoka mimea mingi, ili ibaki mbegu ya kutosha ya kuota mwakani.

Mbegu huwa tayari maganda yake yanapogeuka rangi ya kahawia na kuanza kupasuka. Zianike kivulini kwa siku kadhaa, kisha uzihifadhi katika bahasha ya karatasi, wala si mfuko wa plastiki unaofungia unyevu, na uandike jina, mahali na tarehe. Kabla ya msimu, weka mbegu 20 juu ya kitambaa chenye unyevu. Zikichipua tano tu, utajua kwamba unapaswa kupanda nyingi zaidi.

Kazi inayowashinda wengi ni magugu. Mwagilia kitalu kikiwa kitupu, subiri magugu yachipue, uyakwangue juu juu bila kuchimbua udongo, kisha urudie tena kabla ya kupanda. Usitie mbolea nyingi, kwani maua ya mwituni yakishiba sana hutoa majani na kulala chini. Mvua zikikaribia, changanya mbegu ndogo na mchanga mkavu, uzitawanye na kuzikandamiza kwa kiganja. Pentasi, kwa mfano, ua la asili lenye vishada vya maua madogo ya umbo la nyota, huhitaji mwanga ili ichipue, hivyo usiifukie. Pentasi pia hukubali vipandikizi vya urefu wa sentimeta 10 hivi, na vipepeo huipenda mno.

Kwa rangi ya chungwa, panda Leonotis, ambayo ndege chozi huifuata kwa nekta yake. Ila huzaa mbegu kwa wingi, kwa hiyo kata vichwa vyake mapema usipotaka ienee. Mahali pa mawe na jua kali ni pa mishubiri, inayooteshwa kwa machipukizi ya pembeni.

Gloriosa superba, ua jekundu lenye kingo za njano linalotambaa kwa ncha za majani yake, linahitaji uangalifu wa pekee. Nunua kiazi chake kutoka kwa mwenye kitalu anayekikuza mwenyewe, kisha ukilaze kwenye udongo usiotuamisha maji, ukilinda ncha inayochipua, maana ikivunjika upande huo hauoti. Kiazi hicho kina sumu kali na hufanana na kiazi cha kuliwa; usikipande kamwe karibu na shamba la mboga, na vaa glavu unapokishika. Mmea ukikauka kiangazi haujafa. Acha kumwagilia hadi mvua zirudi.

Mwaka wa kwanza mwagilia na kupalilia mara kwa mara. Kuanzia wa pili, punguza maji, tandaza majani makavu juu ya udongo, na usikate mabua hadi mbegu zitakapodondoka.