Ufa kwenye nyumba mpya: usome kabla ya kuuziba

Ukiziba ufa bila kujua ulikotoka, masika yakifika utaukuta palepale. Anza kwa kutazama umbo lake.

Vijiufa vyembamba kama unywele, vilivyotapakaa ukutani, ni vya plasta tu. Ukuta haukuloweshwa kabla ya kupigwa, mchanga ulikuwa na vumbi jingi, au saruji ilizidi. Ndoo 1 ya saruji kwa 5 za mchanga uliochekechwa inatosha, unene milimita 12 hadi 15.

Ufa wa mshazari unaoanzia pembe ya dirisha unaelekeza kwenye lenta, yaani boriti ya zege juu ya dirisha. Mara nyingi imeishia pale pale upana wa dirisha ulipoishia. Kama lenta haizunguki nyumba nzima, ipite angalau sentimita 20 kila upande.

Wa kuogopa ni ule unaopanda kama ngazi kwenye viungo vya matofali. Hapo msingi umecheza. Udongo mweusi wa mbuga huvimba ukilowa na kusinyaa kiangazi, kwa hiyo msingi mfupi uliokaa juu yake hupanda na kushuka nao. Chimba hadi uupite udongo huo. Tabaka lake likiwa nene mno, mhandisi aamue aina ya msingi kabla hujanunua tofali hata moja. Sakafu kubonyea ni jambo jingine: kifusi kilimwagwa chote kwa mpigo. Kijaze kwa tabaka za sentimita 15, kila moja iloweshwe kidogo na kushindiliwa.

Maji nayo huharibu zege kimyakimya. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unahitaji takriban lita 25, ukihesabu na unyevu uliomo mchangani. Mafundi huongeza ili zege limwagike kwa urahisi, lakini maji ya ziada yakikauka huacha vitundu na zege hupoteza nguvu. Likishaganda, kinyume chake: lisikauke. Funika kwa magunia, mwagilia asubuhi na jioni siku 7 bila kuruka. Usikubali mchanga wa baharini. Chumvi yake hula nondo na kubambua rangi.

Kwa ufa uliokwisha kutokea, weka alama ya penseli kwenye ncha zake mbili, andika tarehe na upana. Ukivuka alama, ukifika upana wa milimita 5, au milango ikianza kukwama, ita mhandisi kabla fundi hajaugusa.