Baiskeli ya Peugeot ya zamani hapa Ufaransa: pima hesi kabla hujanunua friwili

Ndugu zangu mlioko Ufaransa, hasa ninyi mnaopita kwenye magulio ya vitu vya zamani siku za Jumapili na kurudi na baiskeli ya mashindano ya miaka ya 1970: kabla hujatoa hata senti moja ya friwili mpya (yale meno ya nyuma yanayoshika mnyororo), jua kwanza habu yako ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu ambacho friwili hufungwa juu yake, ni ya hesi (thredi) ya Kifaransa au ya Kiingereza. Mimi sikujua. Peugeot yangu niliyoinunua euro 60 hapa Dijon ilikaa miezi sita ukutani bila gurudumu la nyuma kwa sababu hiyo tu.

Meno ya friwili yalikuwa yamechongoka kama msumeno na mnyororo ulikuwa unaruka. Nikaipeleka duka moja la baiskeli mjini. Kijana wa pale akahesabu meno, akasema gia tano ni gia tano, akafungua ya zamani, akafunga mpya. Ile ya zamani ikatupwa kwenye ndoo ya vyuma chakavu mbele ya macho yangu, nami nikanyamaza. Siku ya tatu napanda kilima cha kwenda Talant, nikasimama juu ya pedeli, na pedeli zikazama ghafla bila kushika kitu. Nilipofungua gurudumu, ndani ya friwili mpya nilikuta uzi wa alumini umejiviringa kama maganda ya penseli iliyochongwa. Uzi huo ndio uliokuwa hesi ya habu yangu.

Hesi ya Kiingereza ina kipenyo cha inchi 1.37, yaani karibu milimita 34.8, na mizunguko 24 kwa kila inchi. Ya Kifaransa ni milimita 34.7, na kila mzunguko ni milimita 1 kamili. Tofauti ya kipenyo ni unene wa karatasi. Huwezi kuiona kwa macho, na hata kwa vernia, kile kifaa cha kupimia unene, unaweza kukosea. Na kwa kuwa habu ya Kifaransa ni nyembamba kidogo, friwili ya Kiingereza inaingia yenyewe, kwa vidole, laini kabisa, mpaka unasema hii ndiyo yake. Hapo ndipo mtego ulipo. Kuingia vizuri si dalili ya kufaa. Friwili ni chuma, habu ni alumini, na ukikanyaga kwa nguvu chuma kinakula alumini. Kinyume chake hakina hatari kubwa, kwa sababu friwili ya Kifaransa kwenye habu ya Kiingereza inakwama mizunguko ya mwanzo tu, na mwenye akili anasimama hapo.

Narudia: usiamini mkono wako. Chukua boliti ya kawaida ya milimita 6, ile inayofunguliwa kwa spana namba 10. Hesi yake ni milimita 1 kila mzunguko. Ilaze juu ya hesi ya habu, uziinue zote mbili kwenye mwanga. Zikilaliana mwanzo hadi mwisho bila mwanga kupenya katikati, habu yako ni ya Kifaransa. Zikianza pamoja kisha zikaachana, ni ya Kiingereza. Boliti hiyo haifiki hata senti 50, nami siku hizi natembea nayo mfukoni.

Mpwa wangu wa Tabora nilipomweleza kwa simu alinijibu, "Mjomba, friwili ni friwili, chukua yoyote." Mwanangu, kwa hapo Tabora uko sahihi. Phoenix, Avon, Hero na Raleigh za wazee wetu zote ni watoto wa baiskeli moja ya Kiingereza, hivyo fundi chini ya mwembe anachukua friwili ya pakiti yoyote, anaifunga, na mteja anaondoka na gunia lake la mkaa. Hakuna aliyewahi kutufundisha kuuliza hesi kwa sababu haikuwahi kuwa na haja. Ujuzi huohuo ndio uliokuja kuniumiza huku. Na ninyi mnaoniandikia "tutumie moja ya gia kwenye kontena", nawaomba mnisikilize: mkono wa forodha mnaujua wenyewe, lakini hata ikitoka bandarini salama, friwili ya Kifaransa sijawahi kuiona Kariakoo. Mtakaa na baiskeli nzuri ya kuning'iniza.

Wafaransa niliwaelewa kupitia jambo hili. Walijipimia vitu vyao kwa kipimo chao na walikishikilia mpaka miaka ya 1980, dunia ilipokuwa imeshahama. Sasa vijana wao madukani wamesomea baiskeli za umeme, na urithi wa babu zao hawaujui. Ukiwaletea cha zamani wanakuambia hakistahili gharama. Hilo linanisikitisha, kwa sababu fremu ile ya chuma itawazika wengi wetu. Wanaojua ni wastaafu, na utawakuta kwenye karakana za kujitengenezea, zile zilizo chini ya mtandao wa L'Heureux Cyclage. Unalipa uanachama, unapewa spana, unaambiwa shika. Hawakufanyii. Mwanzoni nilidhani ni ubahili. Nyumbani fundi hakuachii spana yake. Lakini mzee mmoja alisimama nami saa nzima bila kugusa kitu, ananionyesha kwa kidole tu, na alichonifundisha sijakisahau.

Dawa niliyoipata ni rahisi kuliko kusaka friwili ya Kifaransa, ambayo ni adimu na ghali. Tafuta gurudumu zima la nyuma lenye habu ya Kiingereza, kwenye karakana hizo au kwenye maduka ya mitumba ya hisani ya Emmaüs. Baada ya hapo friwili yoyote mpya inakaa, maana zinazouzwa leo karibu zote ni za kipimo hicho. Pima nafasi ya fremu kati ya mahali ekseli inaposhikwa: gia tano kwa kawaida milimita 120, gia sita 126. Kama rimu yako ni ya saizi 700, usikubali ya inchi 27. Breki hazitafika sawa. Na friwili yako ya zamani, hata kama imekwisha, usiiache dukani. Irudishe nyumbani. Ndiyo kipimo chako, na pengine ilihitaji kuoshwa kwa dizeli tu.

Kile kimkono cha nyuma kinachosogeza mnyororo, kama ni Simplex (kampuni ya Lucien Juy, ya hapa hapa Dijon), angalia plastiki yake, zikizeeka zinapasuka. Kwa kuwa vikono vya gia vya zamani havina kubofya, karibu kimkono chochote kitafanya kazi, ila tundu la fremu linaloshika kimkono huwa halina hesi, hivyo likatwe hesi ya milimita 10 kwa 1. Mnyororo nunua wa gia sita hadi nane. Ule mnene wa Phoenix hauingii.

Mtego huohuo wa vipimo uko kwenye pedeli. Zikiandikwa D na G (kulia na kushoto kwa Kifaransa) badala ya R na L, ni za Kifaransa, hesi ya milimita 14, na pedeli mpya za dukani haziingii. Mikono ya pedeli ya kampuni ya Stronglight inataka kivutio, yaani kifaa cha kuing'olea, cha milimita 23.35, ukitumia cha kawaida cha 22 utang'oa hesi. Na kikombe cha ekseli ya pedeli upande wa kulia, ambacho nyumbani tumezoea kukifungua kinyume, cha Kifaransa kinafunguliwa kama nati yoyote. Ukikizungusha kwa mazoea ya nyumbani, unakikaza.