Kuunda Meli ya Matanga kwa Seti ya Mbao: Kiunzi Kwanza, Matanga Baadaye

Meli ndogo ikitoka imepinda, haikupinda siku ya kusimamisha milingoti. Ilipinda zamani, mkuku (uti wa chini wa meli) na mataruma (mbavu zake) vilipogandishwa, ila fundi hakuangalia. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye kiunzi na mbao za ubavuni, halafu nipite haraka mahali ambapo ramani ya seti yako, yaani sanduku la vipande vya mbao vya kuungia meli, inajieleza yenyewe.

Kuchagua seti

Kila anayeanza hutamani HMS Victory, ile meli ya vita ya Uingereza iliyoshushwa majini mwaka 1765. Iache kwanza. Ina milingoti mitatu na mizinga zaidi ya 100, na kila mzinga una gari lake na kamba zake, kwa hiyo utakuwa ukirudia kazi ileile hadi uichukie. Tafuta chombo cha mlingoti mmoja au miwili, kisicho na mizinga mingi. Skuna ya uvuvi kama Bluenose, iliyoundwa Lunenburg nchini Kanada mwaka 1921, inapendeza na kamba zake zinaeleweka.

Angalia skeli pia. Kwa 1:64, mtu wa mita 1.7 anakuwa milimita 27, na meli ya mita 40 inakuwa sentimita 62 kabla ya kuhesabu mlingoti wa maji unaochomoza mbele. Pima rafu yako ndipo uagize.

Hapa Nairobi mara nyingi seti huagizwa kutoka nje, na watengenezaji wengi wako Uhispania na Italia. Piga hesabu ya ushuru mapema: forodha hutoza kwa bei ya seti ikijumlishwa na bima na nauli ya kuileta, kisha VAT inakuja juu yake. Sanduku likifika, hesabu vipande vyote ukilinganisha na orodha kabla hujakata chochote, kwa maana kipande kilichokosekana kinaombwa kirahisi zaidi wiki ya kwanza.

Vifaa

Usinunue vifaa vya kifahari. Kisu chenye wembe wa kubadilisha, rula ya chuma, tupa ndogo, randa ya kiganjani, keekee ya mkono yenye vichwa vya milimita 0.5 hadi 2, koleo ndogo na sandpepa namba 120, 180 na 240. Vingi utavipata kwenye maduka ya hadiwea ya mjini. Pegi za nguo za mbao ndizo vibanio bora, nunua nyingi. Gundi ni mbili: gundi nyeupe ya mbao kwa kazi karibu yote, na supaglu kwa vipande vidogo tu, kwa kuwa ikimwagika juu ya mbao nyeusi huacha doa jeupe ambalo rangi ya vanishi hailifichi.

Kunyoosha mkuku

Toa ule ubao mrefu wa plaiwudi ambao ndio mkuku na uti wa meli. Uinue hadi usawa wa jicho, utazame kutoka tezi (nyuma) kuelekea omo (mbele). Ukiona umepinda hata kidogo, upitishe kwenye mvuke wa birika, uulaze juu ya kigae au kioo, uuwekee vitu vizito hadi kesho yake. Usiendelee ukijiambia kwamba mbao za ubavuni zitaunyoosha. Hazitaunyoosha.

Baada ya hapo ubane mkuku kati ya mbao mbili nyofu zilizopigiliwa kwenye meza, uchomeke mataruma bila gundi. Kila taruma lisimame wima juu ya mkuku, na kichwa chake kilingane na kile cha jirani yake ili sitaha isije ikawa na mawimbi. Likibana sana, piga tupa kwenye mfereji wake. Ukililazimisha kwa nyundo unaupinda mkuku uliohangaika kuunyoosha. Likikaa sawa, ndipo utie gundi nyeupe, uhakikishe kwa kipembe cha seremala, uache likauke.

Kuchonga kingo za mataruma

Hapa ndipo meli hupata umbo, na ndipo wengi huruka. Mataruma yamekatwa na mashine, kingo zake ni za pembe mraba, ilhali mbao zitapita juu yake kwa mshazari. Usipozichonga, ubao utashika ncha ya taruma badala ya upana wake wote, na ubavu utatoka na mabonde.

Chunguza taruma la karibu na omo. Ukingo wake umeungua weusi kwa leza. Meli inazidi kuwa nyembamba kuelekea mbele, kwa hiyo unachonga upande wa mbele wa ukingo huo na kuuacha mstari mwembamba mweusi upande wa nyuma. Ule weusi ndio alama yako: maadamu upo, hujapunguza kipimo cha meli. Kwa mataruma ya tezi fanya kinyume, uache weusi upande wa mbele. Yale ya katikati hayahitaji kitu zaidi ya kupanguswa kwa sandpepa.

Gandisha sandpepa namba 120 kwenye kijiti kirefu cha kuvuka mataruma matatu kwa pamoja, usugue kwa kufuata mwelekeo wa mbao. Kila mara chukua ubao mmoja mwembamba, uulaze kutoka omo hadi tezi, uweke tochi ya simu kwa ndani. Mwanga ukipenya kati ya ubao na taruma, kazi bado.

Mbao za kwanza

Tumia hesabu. Chukua ukanda wa karatasi, upime taruma la katikati kutoka ukingo wa sitaha hadi mkuku. Tuseme umepata milimita 90, na mbao zako zina upana wa 5: unahitaji mbao 18 kila upande. Sasa pima taruma la mbele kabisa. Likiwa na milimita 60, gawa kwa 18, unapata 3.3. Basi kila ubao utaanza na 5 katikati na kupungua polepole hadi 3.3 kule omo. Usishuke chini ya nusu ya upana. Ikibidi kushuka, simamisha ubao mmoja njiani na uache jirani zake wawili wakutane. Kwenye tezi mambo hugeuka: ukipata 108, kila ubao ungetaka 6 na huna, kwa hiyo nafasi inayobaki huzibwa kwa kabari nyembamba za mbao.

Punguza upana kwa randa, upande mmoja tu wa ubao, ukiwa umeubana kwenye ukingo wa rula ya chuma.

Kuukunja: uloweke kwenye maji ya moto kama robo saa, kisha uupitishe polepole juu ya pasi ya kunyoosha nywele, ile ya saloni. Ubane kwenye meli kwa pegi bila gundi na uuache ukauke kabisa. Ubao uliolowa umevimba kwa upana. Ukiugandisha hivyo, utasinyaa ukiwa mahali pake na kuacha nyufa. Mwezi wa Februari unakauka haraka, ila mvua za Aprili zikianza, upe usiku mzima.

Anzia kwenye usawa wa sitaha, ubao mmoja kulia, mmoja kushoto, kwa zamu. Ukimaliza upande mmoja kwanza, nguvu ya mbao itauvuta mkuku na kuuzungusha. Pini zipigwe nusu tu, zing'olewe gundi ikishika. Nyufa zikibaki, changanya unga wa mbao wa msumeno wako na gundi nyeupe, uzibe, usugue. Tabaka hili litafunikwa, kwa hiyo ubaya wa rangi si neno, bali bonde na kilima vitaonekana.

Tabaka la pili ni lembamba, kama nusu milimita, na ndilo la kuonekana. Hesabu ni ileile. Fungua dirisha ukitumia gundi yenye harufu kali.

Sitaha

Paka penseli laini kwenye ukingo wa kila ubao kabla ya kuugandisha; ule mstari mweusi ndio kalafati, yaani kizibo cha nyufa kati ya mbao. Mafundi wa Matondoni kule Lamu huziba kwa pamba na mafuta, sisi grafiti inatosha. Kata mbao fupi: ubao halisi wa mita 6.4 ni milimita 100 kwa skeli ya 1:64. Viungo visipangane mstari mmoja.

Milingoti na kamba

Kuchonga mlingoti uwe mwembamba juu, ufunge kwenye keekee ya umeme uuzungushe ndani ya sandpepa. Stima ikipotea, randa ya mkono inafanya kazi hiyohiyo kwa muda mrefu zaidi. Toboa matundu yote na funga kapi zote mlingoti ukiwa bado mezani.

Kamba zinazoushika mlingoti ni nyeusi na hufungwa kwanza. Zile za kuendeshea matanga ni za rangi ya katani na hufuata. Vuta kila uzi kwenye kipande cha nta ya nyuki ili manyoya yalale. Funga kulia, kisha kushoto, ukitazama mlingoti kutoka mbele kila mara. Ngazi za kamba, ikiwa chombo chako kinazo, huachana kama sentimita 38 kwa meli halisi, yaani milimita 6 hapa: chora mistari kwenye karatasi ngumu, uiweke nyuma ya kamba, ufuate. Tone la gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji hushika kila fundo.

Matanga si lazima. Ukiyataka, chovya kitambaa cha pamba kwenye chai ya rangi, kikauke, ukipige pasi kabla ya kukata.

Kabati la kioo

Vumbi la Nairobi halina huruma kwa kamba, na kulipangusa ni kuzikata. Mpe fundi wa vioo vipimo ukiongeza sentimita 5 kila upande, na umwambie aache mwanya mdogo chini. Mbao na gundi hutoa mvuke wenye asidi, na ukifungiwa ndani hula vipande vya madini ya risasi kama nanga na mizinga.