Somo: Kukaza kiti cha mbao kinachoyumba

Kabla hujashika nyundo, jua kiti kinaumwa nini. Kiweke mahali palipo sawa kabisa. Kikidunda kwa miguu miwili iliyokingama, basi kuna mguu mfupi, na huenda viungo ni vizima. Lakini kikilala upande ukisukuma egemeo, kiungo kimeachia. Leo tunashughulika na hicho cha pili.

Na tuelewane mapema: msumari si dawa. Mbao hutanuka ikipata unyevu na kusinyaa ikikauka, msumari uko vilevile. Tundu linapanuka, kiti kinaanza kucheza upya, na safari hii ulimi, yaani ile ncha ya mbao inayoingia kwenye tundu la mwenzake, umepasuka.

1. Shika mguu kwa mkono mmoja na mti uliochomekwa kwenye mguu huo kwa mwingine, tikisa taratibu. Ukiona ufa mwembamba unafunguka na kujifunga, ndipo hapo. Viungo vilivyo imara viache.

2. Andika namba ileile pande zote mbili za kila kiungo. Miguu ya kiti hufanana kwa macho tu.

3. Kagua kama kuna misumari iliyofichwa, itoe, kisha chomoa kiungo kwa kugonga juu ya kipande cha mbao. Kikigoma, dondoshea siki ya moto kwenye ufa, subiri, gonga tena.

4. Kwangua gundi ya zamani. Wengi huruka hatua hii, halafu wanalaumu gundi. Gundi nyeupe ya mbao hushika kwa kupenya kwenye nyuzi. Juu ya gundi iliyokauka haina pa kupenya. Tumia patasi au kisu mpaka uone mbao yenyewe, kwenye ulimi na ndani ya tundu pia. Msasa upitishe kidogo tu, maana ulimi ukikonda haubani. Kama umeshakonda, ubandikie kwa gundi ganda jembamba la mbao lililotoka kwenye randa, likauke, ndipo ulichonge lienee.

5. Pachika kwanza bila gundi. Kiungo kiingie kwa kusukumwa na mkono au kugongwa kidogo.

6. Paka gundi pande zote mbili, pachika, zungusha kamba kwenye miguu, pitisha kijiti na usokote mpaka kamba ikaze. Pima kona kwa kona: vipimo viwili vikilingana, kiti hakijapinda. Gundi iliyofurika ifute papo hapo kwa kitambaa kibichi, la sivyo vanishi itaacha mabaka. Asikikalie mtu kwa saa 24.

Maswali

Fundi, ile gundi ya kukauka papo hapo haifai?
Kwa kiti, hapana. Ikikauka inakuwa ngumu lakini inavunjika kwa mtikisiko, na kiti kazi yake ni kutikiswa.

Meza yangu ni ya mbao za unga (zile za unga wa mbao ulioshindiliwa), tundu la skrubu limekwisha. Nifanyeje?
Jaza vijiti vilivyopakwa gundi, ngoja vikauke, toboa tundu dogo, rudisha skrubu. Kama mbao yenyewe imemung'unyika, toboa hadi upande wa pili utie bolti, washa pana na nati.

Na mguu ukiwa mfupi kweli, nikate ile mitatu?
Usianze na msumeno! Ukikata mmoja utakata wa pili, mwisho unabaki na kigoda. Gundisha kipande cha mbao au ngozi chini ya ule mfupi, kisha upunguze kwa msasa kidogo kidogo.