Jinsi ya kupanga nguo za mtoto kwa safari ya basi Mbeya hadi Dar, msimu wa joto

Mdogo wangu anakwenda Dar na mtoto wake wa miaka miwili, wakae huko Desemba mpaka Januari. Juzi tulimwaga nguo zote sakafuni tukapanga pamoja, na naandika hapa tulivyofanya kwa sababu wazazi wengi wa huku nyanda za juu hupanga nguo za joto kana kwamba safari inaanzia Dar. Inaanzia stendi ya Mbeya alfajiri, mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, watu wamejifunika mablanketi. Unapita Makambako kwenye upepo. Ukimaliza kushuka mlima wa Kitonga, joto la bonde la Ruaha linakupokea, na jioni unashukia stendi ya Mbezi, Dar, nguo zimegandana na mgongo. Mtoto anapita hali zote hizo ndani ya siku moja, tena akiwa amepakatwa.

Hatua ya 1: Chambua vitambaa

Mimi ni fundi cherehani na hapa sibembelezi: pamba. Dar mwezi huo mchana ni nyuzi 31 au 32, usiku inabaki kwenye 25 hivi, na hewa ina unyevu mwingi kiasi kwamba jasho halikauki. Poliesta hailinyonyi jasho hilo. Linabaki kwenye ngozi, na kesho yake mtoto ana harara shingoni, kwapani na kwenye mikunjo ya mapaja.

Nguo za mitumba nazipenda kuliko mpya za dukani, maana zimeshafuliwa mara nyingi na zimelainika. Tatizo ni kwamba lebo zake nyingi zimefutika. Basi pima kwa moto, nje, mtoto akiwa mbali. Chomoa uzi mmoja kwenye kitambaa chenyewe, upande wa ndani wa pindo, ushike kwa kibano juu ya sahani na uuwashe. Uzi wa pamba huwaka upesi, hunuka karatasi inayoungua, na majivu yake yanasagika vidoleni. Poliesta hujikunja, huyeyuka, kisha huacha kipunje kigumu. Usikiguse kabla hakijapoa. Na usichukue uzi wa mshono: nguo ya pamba tupu mara nyingi imeshonwa kwa uzi wa poliesta, utaitupa nguo nzuri bure.

Kisha geuza kila nguo ndani nje. Lebo ya shingoni ifumue kwa wembe, usiikate kwa mkasi, maana kijipande kinachobaki kinachoma kuliko lebo nzima. Mpira wa kiuno ukiacha alama tumboni, fungua pindo uulegeze au uweke mwingine mpana.

Gauni la Krismasi lenye neti na satini ndani, ambalo bibi ameshalinunua, lichukue. Mtoto alivae kanisani akiwa na shimizi ya pamba ndani, wakirudi avuliwe.

Hatua ya 2: Idadi

Pigia hesabu ya siku tano, hata kama mnakaa mwezi. Dar nguo ya mtoto ikianikwa asubuhi, mchana imekauka. Lakini kwa siku moja hesabu fulana tatu, si moja. Kwa hiyo: fulana na singlendi kumi na tano, kaptula au vigauni vyepesi nane, chupi za kutosha, kofia yenye ukingo mpana, sandali za wazi, yeboyebo. Ongeza suruali tatu nyepesi za pamba na mashati matatu ya mikono mirefu kwa ajili ya mbu. Watu hufikiria mbu wa malaria wa usiku tu, na Dar imeshapata milipuko ya dengi, mwaka 2014 na tena 2019, ambayo mbu wake huuma mchana. Kama mtoto ana ualbino, kwa sababu ya jua, mikono mirefu ya kitambaa kilichofumwa kwa kushikana ndiyo iwe nguo yake ya mchana kila siku.

Hatua ya 3: Khanga

Doti mbili, kuukuu. Khanga mpya ina wanga, hainyonyi maji, na nyingine inachuja rangi. Kuukuu ni shuka, taulo, pazia la dirishani na stara ya kumbadilishia mtoto. Taulo zito la mtoto liache nyumbani, huchelewa kukauka na linanuka.

Hatua ya 4: Begi la miguuni

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko kwingine kote. Begi likishaingia kwenye buti, konda hatalifungua tena kwa ajili ya kaptula. Kila atakachohitaji mtoto kwa zaidi ya kilomita 800 kiwe kwenye begi dogo miguuni mwako.

Usitupie nguo humo moja moja. Tengeneza mafurushi. Furushi moja ni badiliko zima: pampas au chupi, singlendi, kaptula, vyote vimeviringishwa pamoja na kufungwa kwa utepe wa kitambaa. Basi linaposimama ili watu wachimbe dawa una dakika chache sana, na huwezi kuanza kutafuta fulana chini ya chupa ya uji. Unachomoa furushi, unafungua, unamvalisha. Mtoto wa miaka miwili mpangie manne. Kama anatapika safarini, sita.

Alfajiri mvalishe singlendi ya pamba na suruali nyepesi, juu yake sweta, soksi, na kofia ya sufu. Sweta iwe ya vifungo au zipu. Ya kupitisha kichwani itakulazimu umwamshe ili umvue, na mtoto aliyeamshwa kabla ya Iringa atakulilia hadi Mikumi.

Anza kumpunguzia nguo kabla hamjaanza kushuka Kitonga. Kwenye zile kona huwezi kumvua mtoto huku umejishikilia, na mkifika chini ameshaloa. Lakini kama basi lenu lina kiyoyozi, usifuate kilichopo nje ya dirisha. Weka mkono mgongoni mwake, chini ya nguo. Pakiwa na unyevu, punguza. Pakiwa pa baridi, rudisha sweta. Viganja visikudanganye, vya watoto huwa baridi hata wakiwa na joto. Kwa sababu ya kiyoyozi, sweta isiende kwenye buti wala isizame chini ya begi. Ikunje iwe juu kabisa.

Weka pia blauzi yako mwenyewe. Mtoto akitapika, anakutapikia wewe, na akina mama wengi hubeba nguo sita za mtoto na hawana hata moja ya kwao.

Nguo zilizochafuka zinahitaji mahali pake. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, hivyo tumia mfuko mtupu wa pampas, ule wa paketi kubwa. Haupitishi maji, unakunjika, na mdomo wake unafungika kwa mpira wa nywele. Nguo iliyotapikiwa ikung'ute kwanza, uifunge, uitoe mara tu mkifika. Ikilala humo hadi kesho kwenye joto la Dar, inaota madoa meusi ya ukungu ambayo hata jiki haitayamaliza, na rangi utaiharibu.

Ukikata tiketi omba kiti cha upande wa kushoto, ule wa mlango. Kwa Desemba na Januari jua hukaa zaidi kulia mkienda Dar.

Hatua ya 5: Begi la buti

Nguo nzito chini, nyepesi juu, viatu pembeni. Utepe wa rangi kali mkononi mwa begi.

Hatua ya 6: Mkishafika

Fua jioni hiyohiyo. Kesho yake anika juani, juu ya kamba, si kwenye majani wala ukutani. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, na mtoto akizivaa, funza wanaingia kwenye ngozi na kufanya majipu. Ndiyo maana kila nguo ipigwe pasi, chupi na nepi zikiwemo, hata kama hazijakunjamana. Moto wa pasi ndio unaoua mayai, nayo pamba inauvumilia, wakati poliesta ingeng'aa na kuungua. Umeme ukikatika, azima pasi ya mkaa kwa jirani. Anzia mpira wa kiuno, halafu kwapa, halafu mapindo, pande zote mbili.